Jiwe la marehemu baba: mchana kijani, usiku kwa koroboi jekundu. Ni aleksandriti au ganeti?

#1 Kijana wa Muhuwesi

Wakuu, habari za jioni.

Baba yetu alifariki mwaka juzi. Alichimba Tunduru tangu mawe yalipoibuka kule miaka ya 1990, muda mwingi kandokando ya Mto Muhuwesi. Wiki iliyopita tulipofungua sanduku lake tukakuta kichupa cha dawa, ndani yake jiwe limefungwa kwenye kipande cha kanga. Mama anasema baba aliliita Kinyonga na hakuwahi kumwonyesha mnunuzi yeyote, hata mwaka ule tulioshindia mihogo.

Ni dogo, kama nusu ya korosho nene. Limelainishwa na maji ya mto, ila upande mmoja limebanduka. Mchana ukiliweka dirishani ni kijani chenye ubuluu kidogo. Usiku mama akiwasha koroboi linakuwa jekundu la zambarau, rangi ya juisi ya rozela.

Juzi dalali kalimulika kwa tochi, kaligeuza mara mbili, kasema laki tatu na nusu, na pesa anatoa hapohapo. Nimemwomba siku chache. Mdogo wangu anaanza chuo Oktoba na ada haijatimia.

Naomba kujua: hili ni jiwe gani, na hiyo ni bei ya haki?

#2 Apolo73

Pole kwa msiba mkuu. Halafu karibu mezani, Laizer wa Kusini, bilionea mpya wa mawe! Zikishaingia zile bilioni zako utukumbuke sisi wachimba tanzanaiti wa Mererani tunaokula vumbi.

#3 Mchekecha

Hiyo ni alex, yaani aleksandriti. Naandika hivi nikiwa na uhakika.

1996 nilikuwa Muhuwesi, huenda hata marehemu tulionana. Nikatoa jiwe la namna hiyohiyo kwenye changarawe, kina cha kiuno tu. Mchana kijani, usiku jekundu. Mnunuzi mmoja mgeni akanipa baiskeli mpya na redio, nikaona nimewini. Miaka mitatu baadaye mkalimani wake ndiye aliyeniambia jiwe lile lilikuwa aleksandriti na lilinunua nyumba huko lilikokwenda. Baiskeli ilishaibiwa zamani.

Kijana, usiuze. Baba yako hakulificha kwa bahati mbaya.

#4 Lupu Kumi

Poleni sana na msiba.

Mzee Mchekecha, kwa heshima zote, kubadilika rangi peke yake hakutoshi. Ukanda ule wa Tunduru unatoa aleksandriti inayobadilika, ganeti inayobadilika, safaya inayobadilika, hata spineli. Ukiongeza mawe ya kiwandani yaliyopenyezwa kule na wajanja, unapata vitu vitano vyenye tabia moja na bei zilizoachana kama mbingu na ardhi.

Mleta uzi, kabla hatujaenda mbali: dirishani ni mwanga wa jua la moja kwa moja au kivuli? Na umejaribu taa ya umeme, au koroboi tu? Taa nyingi za majumbani siku hizi ni LED nyeupe, hizo zinadanganya.

#5 Umba Mwisho

Mimi kwetu ni Bonde la Umba, huku Tanga mpakani na Kenya. Mawe ya kubadilika rangi tumeanza kuyaona tangu miaka ya 1960, wakati Tunduru bado inajulikana kwa tembo. Ganeti inayobadilika ipo, safaya inayobadilika ipo. Kila mwaka anatokea mtu na jiwe kwenye karatasi anasema ana alex. Katika maisha yangu nimeshika alex za kweli mbili, na zote zilitoka Mayoka kule Ziwa Manyara, kwenye machimbo ya zumaridi.

Dau langu ni ganeti. Wala si tusi, ganeti nzuri ya kubadilika ni kito cha maana.

#6 Dalali Mstaafu

Naona tayari dalali ameshahukumiwa, ngoja nimsemee.

Amelimulika jiwe akaona nyufa, au hakuona kitu kwa sababu lina ukungu wa mto. Hajui kama ni alex, ganeti au bandia. Anaweka pesa yake mfukoni mwako leo, kesho mnunuzi wake anaweza kulirudisha. Akikisia ganeti yenye nyufa, laki tatu na nusu si wizi. Akikisia alex, hapo ni wizi wa mchana. Kwa bei hiyo amekisia ganeti, au anaombea wewe ukisie hivyo.

Kilichonitia shaka mimi ni lile neno hapohapo. Mwenye haraka kwenye mawe ameona kitu.

#7 Kijana wa Muhuwesi

Asanteni wote.

@Lupu Kumi dirishani ni kivuli, asubuhi. Nimejaribu taa ya sebuleni, ni LED: linakuwa kijivu la kijani, halieleweki. Kwa mshumaa ni jekundu kabisa kama kwa koroboi. Nimepiga picha lakini kwenye simu halibadiliki sana.

#8 BintiFizikia

Picha za simu ziache, kamera inajirekebishia rangi yenyewe ili karatasi nyeupe ionekane nyeupe. Ukipiga, weka karatasi nyeupe pembeni na ufunge marekebisho hayo, la sivyo utatuonyesha kilichoamuliwa na simu.

Nafundisha fizikia sekondari, niruhusuni kidogo. Jiwe la namna hii lina kromiamu au vanadiamu ndani yake, na elementi hizo zinameza mwanga wa njano. Zinabaki njia mbili wazi, ya kijani na ya nyekundu. Mwanga wa mchana una bluu na kijani kwa wingi, kwa hiyo macho yanaona kijani. Moto wa koroboi, mshumaa au balbu ya zamani yenye waya una nyekundu kwa wingi, kwa hiyo mlango wa pili ndio unaoshinda. LED inachanganya vyote, ndiyo maana umeona kijivu. Kwa hiyo badiliko lako ni la kweli, si la macho. Ila Lupu Kumi yuko sahihi, mlango huo huo upo kwenye mawe zaidi ya moja.

#9 Kijiwe cha Kahawa

Jina la aleksandriti limetokana na Iskanda (Alexander) Mkuu, yule aliyefika mpaka India. Mawe yale yalikuwa kwenye taji lake.

#10 Lupu Kumi

Hapana mkuu. Iskanda alikufa zaidi ya miaka 2,000 kabla jiwe hilo halijajulikana. Lilipatikana milima ya Ural, Urusi, miaka ya 1830, likapewa jina la mrithi wa kiti cha ufalme ambaye baadaye akawa Tsar Alexander II.

#11 Kijiwe cha Kahawa

Nimesahihishwa, asante. Lakini Iskanda angelipenda.

#12 Taita Juu

Ndugu zangu wa Tanzania, salamu kutoka Voi, Kenya. Huku kwetu shida ni ya kijani: mtu anaokota kipande cha chupa kilichosuguliwa mtoni, anakuja mbio akidai ni tsavoraiti, ile ganeti ya kijani. Dawa yetu ni lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia. Ukiona viputo vya hewa vya mviringo ndani, hiyo ni glasi. Ipo glasi inayobadilika rangi pia. Je, umechungulia ndani?

Halafu kijana asije akakubali kulichoma. Kuna wanaoshauri kila jiwe lipitishwe motoni.

#13 Apolo73

Hapo @Taita Juu umegusa donda. Tanzanaiti tunaichoma, ni kawaida, karibu nyuzi 500 na kuendelea, kahawia inatoka bluu inabaki. Nilikuwa na kipande cha gramu nane kina ufa mwembamba. Mwenzangu akaniambia kizike kwenye majivu, weka mkaa juu, kitapona. Nilikitoa vipande vitatu. Sasa kuchoma ganeti au alex kwa mkaa wa nyumbani ni kutafuta hasara tu. Usichome, usikwaruze kwa msasa, usigonge.

#14 Kijana wa Muhuwesi

Nimeazima lupu ya fundi saa. Viputo sioni. Naona kama manyoya ya kuku upande uliobanduka, na vijisindano vichache katikati, vimenyooka.

#15 Mchekecha

Vijisindano! Alex hiyo.

#16 Umba Mwisho

Mzee, ganeti nayo ina sindano. Safaya ina sindano mpaka inachora nyota. Tafuta ushahidi mwingine.

#17 BintiFizikia

Tupime msongamano, yaani jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji ya ujazo uleule. Hauhitaji maabara. Tafuta mizani ndogo ya kidijitali. Pima jiwe kavu, andika. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, litumbukize majini lining'inie, lisiguse chini wala ubavuni. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa namba ya kwanza kwa ya pili.

Aleksandriti ni karibu 3.73. Ganeti za kubadilika rangi huzunguka 3.8. Safaya ni 4.00, ya asili na ya kiwandani sawasawa. Spineli 3.6. Glasi nyingi ziko chini ya hapo sana.

#18 Kijana wa Muhuwesi

Nimetumia mizani ya duka la viungo la shangazi. Kavu gramu 4.6. Majini 1.2. Nimegawa nimepata 3.83!

#19 Umba Mwisho

Ganeti. Tufunge uzi.

#20 BintiFizikia

Usifungwe bado. Mizani hiyo inasoma hadi sehemu ya kumi ya gramu tu. 4.6 inaweza kuwa chochote kati ya 4.55 na 4.65, na 1.2 inaweza kuwa 1.15 mpaka 1.25. Ukifanya hesabu ya pande zote mbili unapata kuanzia 3.64 hadi 4.04. Hapo anaingia aleksandriti, anaingia ganeti, anaingia safaya. Shangazi anapima iliki vizuri, ila kwa jiwe tunahitaji mizani ya sonara yenye desimali mbili.

#21 Dalali Mstaafu

Mwalimu nimekuvulia kofia. Miaka 20 nimepima mawe kwa kuyarusharusha kiganjani.

#22 Mwanasheria wa Kata

Wakati mnapima, naongeza la kisheria. Kumiliki na kuuza madini nchini kunataka nyaraka. Jiwe la urithi halina karatasi ya mchimbaji, na mleta uzi akikutwa njiani nalo bila maelezo anaweza kujikuta matatani. Aende ofisi ya Ofisa Madini Mkazi, aeleze ukweli, aoneshe nyaraka za mirathi. Tangu masoko ya madini yaanze 2019, hata Tunduru lipo, na kuuzia sokoni kuna faida moja: kunakuwepo mashahidi. Serikali itakata mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Nafuu ukatwe hiyo kuliko kumuuzia mtu wa hapohapo chini ya mwembe.

#23 Apolo73

Kwa hilo la sokoni nakubali. Hata Saniniu Laizer Juni 2020 aliuza serikalini yale mawe mawili ya tanzanaiti, la kilo 9.27 na la kilo 5.1, wote tukashuhudia hundi ya bilioni 7.7. Angeyapitisha vichochoroni tusingemjua, na yeye asingejua thamani yake.

#24 Kijiwe cha Kahawa

Kilo 9 na huyu gramu 4. Kijana, wewe nunua baiskeli, mzee Mchekecha atakuelekeza pa kuifunga mnyororo.

#25 Mchekecha

Cheka tu. Uzito wa tanzanaiti na uzito wa alex havilinganishwi. Kiganja cha alex safi ni shamba.

#26 Kijana wa Muhuwesi

Nimekwenda kwa sonara mjini. Kavu 4.62. Majini, baada ya kuchovya mara tatu, 1.22, 1.22, 1.23.

#27 BintiFizikia

Safi sana. 4.62 kwa 1.22 ni 3.79. Ukiacha nafasi ya makosa ni kama 3.77 mpaka 3.81. Ukitumia 1.23 unapata 3.76. Safaya imetoka mchezoni, na ile safaya ya kiwandani inayouzwa kwa jina la alex nayo imetoka. Glasi imetoka.

Kumbuka jambo moja: kiputo cha hewa kikinata kwenye jiwe, au uzi ukiwa mnene, mizani inasoma zaidi na jibu linashuka. Kwa hiyo kosa la kawaida hapa linatupeleka chini, na namba halisi huenda iko juu ya hapo. Hilo linalisogeza mbali na 3.73.

#28 Umba Mwisho

Nilisema.

#29 Lupu Kumi

Linaelekea ganeti, nami naelekea huko. Lakini tofauti ya 3.73 na 3.79 ni ndogo na jiwe halijasafishwa. Likiwa na chembe ya madini mazito ya chuma ndani ya ule ufa, namba inapanda kidogo.

Kuna kipimo kinachozitenganisha vizuri zaidi. Aleksandriti inaonyesha rangi tofauti kwa kila upande, kijani, machungwa na zambarau, chini ya mwanga uleule. Ganeti haina tabia hiyo, ukiigeuza upande wowote rangi ni moja. Tafuta miwani ya jua ya polaroidi, tazama jiwe kupitia kioo kimoja cha miwani, uligeuze taratibu.

#30 Kijana wa Muhuwesi

Shemeji ana miwani hiyo. Nimeweka jiwe mbele ya skrini nyeupe ya kompyuta, nikavaa miwani, nikaligeuza. Linabadilika! Kijani, halafu kama kahawia, halafu giza. Mkono unatetemeka lakini nimeona. Mama naye ameona.

#31 Mchekecha

Mwenyezi Mungu mkubwa. Nilisema tangu #3.

#32 BintiFizikia

Samahani mzee, kipimo hicho kimekwenda kombo, na si kosa la kijana. Mwanga wa skrini ya kompyuta tayari umechujwa upande mmoja. Ukiongeza miwani unakuwa na vichujio viwili, na hapo hata kipande cha plastiki ya kandambili kitacheza rangi na giza. Kijana, vua miwani. Weka jiwe mbele ya skrini nyeupe, geuza jiwe peke yake, angalia rangi si giza. Au vaa miwani utazame mbele ya ukuta mweupe unaopigwa na jua, bila skrini.

#33 Kijana wa Muhuwesi

Nimerudia kwa ukuta. Nikisema ukweli mbele za Mungu, sijui. Kuna upande naona kijani kinakuwa cha njano kidogo. Mdogo wangu haoni tofauti yoyote. Mama anasema anaiona.

#34 Dalali Mstaafu

Mama anaona kwa moyo. Tusimlaumu.

Jaribu sumaku. Ganeti nyingi zina manganizi au chuma, zinavutwa na sumaku kali.

#35 Kijiwe cha Kahawa

Ya spika ya redio inafaa?

#36 Lupu Kumi

Ya spika ya zamani ni dhaifu. Fungua diski kuu (hard disk) ya kompyuta iliyokufa, ndani kuna sumaku mbili kali, jihadhari na vidole. Weka jiwe juu ya kifuniko cha chupa kinachoelea kwenye beseni, funga feni na madirisha, kisha sogeza sumaku karibu bila kugusa.

Rodolaiti, ganeti ya waridi yenye chuma kingi, inakuja mbio. Ganeti ya kubadilika rangi nayo huvutwa. Aleksandriti kwa kawaida haina haraka ya kwenda popote.

#37 Kijana wa Muhuwesi

Kimesogea. Polepole, kama sentimita mbili, kikasimama, nikasogeza sumaku kikasogea tena. Nimerudia na kifuniko kitupu, hakikusogea.

#38 Umba Mwisho

Sitasema kitu.

#39 Mchekecha

Na mimi nitasema. Changarawe ya Muhuwesi ni nyekundu, imejaa udongo wa chuma. Ule ufa wa upande uliobanduka umeshika udongo huo miaka na miaka. Sumaku inavuta udongo, haivuti jiwe. Mimi mwenyewe nimeona kwazi nyeupe ikivutwa kwa sababu ya kutu kwenye ufa.

#40 Lupu Kumi

Hoja ya mzee ina uzito, siwezi kuipuuza. Ndiyo maana vipimo vya nyumbani vina mwisho. Jaribu na tochi ya zambarau ya kukagulia noti, gizani kabisa. Alex mara nyingine inawaka wekundu hafifu, ganeti hukaa kimya.

#41 Kijana wa Muhuwesi

Kimya. Nimejaribu chini ya blanketi.

#42 Lupu Kumi

Kimya chake si ushahidi wa kutosha, chuma kikiwemo ndani ya alex kinazima ule mwako.

#43 Taita Juu

Nyinyi watu mmenifanya niwashe kompyuta kazini kusoma habari za kifuniko cha chupa. Na je, aleksandriti ya kiwandani? Hiyo ina msongamano uleule wa ya asili na sifa zote.

#44 Dalali Mstaafu

Ipo, inatengenezwa tangu miaka ya 1970. Lakini hiyo yenyewe ni ghali, hakuna aliyekuwa akiimwaga mtoni Tunduru. Tuliyoiona sana kule ni ile safaya ya kiwandani. Wanavunja bonge lake la kiwandani, wanasugua vipande na mchanga ndani ya pipa mpaka vinafanana na kokoto za mto, halafu wanachanganya kwenye fungu la mawe ya kweli. Niliwahi kununua fungu kama hilo. Mtu aliyeniuzia alikula nyumbani kwangu siku ile, na watoto wangu wakamwita mjomba. Mawe sita kati ya 20 yalikuwa ya pipa, na ndiyo yaliyokuwa mazuri kuliko yote. Ndipo nilipoacha kazi ile.

#45 Mama Korosho

Nimesoma tangu mwanzo, na mimi ni wa Tunduru. Marehemu mume wangu naye alikuwa machimboni. Wengi mnazungumza bei, mimi nauliza: kama baba hakuuza hata mwaka wa njaa, je, hakuacha neno? Wachimbaji wa zamani walikuwa na jiwe la kuuza na jiwe la kukaa nalo. Langu liko kwenye kibuyu mpaka leo, na si kito, ni kokoto tu aliyopata siku mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa.

#46 Kijana wa Muhuwesi

Shikamoo mama. Nimemuuliza mama yetu usiku huu. Anasema baba alilipata siku shimo lilipomfukia mwenzake. Walichimba kumtoa, wakamtoa hai, na kwenye udongo waliomwaga ndiyo jiwe likaonekana. Hakutaka kulitia bei. Sikuwahi kuisikia habari hii.

Lakini mama mwenyewe ndiye anayesema tuuze, ada ni ada.

#47 Mama Korosho

Marahaba mwanangu. Basi mwenye kauli ameshasema.

#48 Lupu Kumi

Asante kwa kutusimulia.

Turudi kwenye bei kwa ufupi. Gramu 4.62 ni karati 23.1. Jiwe ghafi la mto likikatwa vizuri linabaki theluthi au pungufu, tuseme karati 5 mpaka 8, na manyoya uliyoyaona yanaweza kupunguza zaidi. Ganeti safi ya karati 5 yenye badiliko kali ni kito kinachotafutwa. Aleksandriti ya ukubwa huo, safi, ni nadra kiasi kwamba bei ya kila karati inapanda kadiri jiwe linavyokuwa kubwa. Kwa hiyo jina pekee linaweza kuzidisha bei mara nyingi. Usiuze kabla hujapata jina kwenye karatasi yenye mhuri. Kituo cha Jemolojia kipo Arusha, na ofisi ya madini itakuelekeza utaratibu wa kusafiri nalo.

#49 Dalali Mstaafu

Na ukifika usimwambie mtu basini umebeba nini. Kichupa kile kile cha dawa, ndani ya soksi.

#50 Kijana wa Muhuwesi

Wakuu, nimefika Arusha tangu jana, na barua ya ofisi ya madini ninayo. Mtaalamu amelitazama dakika 20, amelipima, hakutaka kusema jina. Anasema kifaa cha kusoma mpindo wa mwanga kinahitaji uso tambarare uliong'aa, na jiwe hili ni la mviringo lote. Anaomba ruhusa asugue kidirisha kidogo, kama kichwa cha kiberiti. Aleksandriti itasoma karibu 1.75 na namba mbili, ganeti itasoma namba moja tu.

Nimempigia mama. Amenyamaza muda mrefu. Anasema jiwe hilo halijaguswa na chuma tangu litoke mtoni.

#51 Umba Mwisho

Sugua. Kidirisha kinasaidia hata mnunuzi kuona ndani. Mimi nauza yote na madirisha.

#52 Mchekecha

Usisugue. Waulize kama wana mashine ya Raman au wanaweza kulipeleka penye mashine hiyo. Inapiga mwanga wa leza na kusoma jiwe likiwa ghafi hivyohivyo, haikwaruzi kitu. Mjukuu wangu amenisomea habari zake leo.

#53 Lupu Kumi

Mzee Mchekecha yuko sahihi kabisa, na nilipaswa kulitaja mwenyewe. Raman ikipatikana inatosha kwa jina. Isipopatikana, kidirisha kwenye upande ambao fundi atauondoa hata hivyo wakati wa kukata hakipunguzi thamani.

#54 Apolo73

Mzee wa baiskeli anasoma Raman! Heshima.

#55 Mchekecha

Nimejifunza kuchelewa, lakini nimejifunza. Na bado nasema alex.

#56 Kijana wa Muhuwesi

Nimeuliza. Hiyo ya leza itachukua siku, na pesa yangu ya kukaa hapa inaishia Ijumaa.

Mama amepiga tena sasa hivi. Amesema wasugue pale lilipobanduka, kwa sababu hapo lilishaumia siku ile ile ya shimo. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni.

#57 BintiFizikia

Lipimwe mbele yako kabla ya kusugua na baada ya kusugua, desimali mbili, waandike kwenye risiti. 4.62 ndiyo namba yako.

#58 Dalali Mstaafu

Na usitoke chumbani wanaposugua. Hata ukiambiwa kuna chai.